Mtihani wa Bastola Usiouliza Lililo Gumu

Mtihani wenyewe, wa kupata leseni ya kubeba bastola Texas, haukufika nusu saa. Tulikuwa watu tisa, tumejipanga kwenye vibanda vya uwanja wa shabaha katika kitongoji kimoja cha Dallas, kila mmoja na bastola yake na boksi la risasi 50. Mbele yetu alining'inia mtu wa karatasi, mweusi tii, mabega mapana, hana uso wala vidole. Risasi 20 za kwanza unampiga akiwa yadi 3 kutoka ulipo, yaani hata mita 3 hazitimii. Nyingine 20 ni za yadi 7, na 10 za mwisho ni za yadi 15. Alama zote ni 250; ukipata 175 umefaulu. Mimi nilipata 236 na nikajiona dume. Mama wa kibanda cha pili, ambaye vidole vyake havikuwa na nguvu ya kukoki bastola, alikokiwa na mkufunzi kila raundi, naye akafaulu. Sote tisa tulifaulu.

Nje, shemeji yangu alikuwa akinisubiri kwenye gari. Yeye huendesha teksi usiku na hubeba bastola kiunoni kila siku, chini ya fulana, na hajawahi kufanya mtihani wowote. Havunji sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu aliyefikisha miaka 21, na ambaye sheria haijamkataza kumiliki silaha, kubeba bastola bila leseni. Mwenye green card kama yeye amo. Leseni bado ipo kwa anayeitaka, ada yake dola 40, na faida yake kubwa ni kwamba majimbo mengine mengi yanaitambua. Ndiyo sababu niliifuata.

"Haya shem," akaniuliza tukiingia barabara kuu, "umejifunza nini ambacho mimi sikijui?"

Nilitafuta jibu mpaka tukafika kwake.

Leseni niliyoiomba inaruhusu kubeba bastola hata ikiwa imefichwa, nami ndivyo ninavyokusudia kuibeba. Katika risasi zote 50, hakuna hata mara moja nilipotakiwa kuitoa ilikofichwa. Ilikuwa mezani au mkononi, mtutu umeelekea kwenye karatasi. Sikuvaa koti. Sikuwa na mtoto mkononi wala mfuko wa ununuzi. Mtu wa karatasi hakunipigia kelele, hakuinua mikono, hakugeuka kukimbia, hakuchomoa mfukoni kitu cheusi ambacho huenda ni kisu na huenda ni simu. Alisimama tu akisubiri kutobolewa. Darasani tulisomewa sheria ya kutumia nguvu, namna ya kutuliza ugomvi kwa maneno, na namna ya kuhifadhi silaha nyumbani. Ni mambo mazuri yote, lakini yalipita kama mahubiri ya Jumapili yenye joto. Kilichopimwa kwa vitendo kilikuwa kimoja tu, kutoboa karatasi.

Jioni ile nilitoa risasi zote kwenye bastola, nikakagua chemba mara mbili, nikamwomba mke wangu naye aikague, kisha nikaivaa kwenye ala yake kiunoni, chini ya shati nililovaa siku nzima. Nikasimama nikitazama ukuta wa matofali wa gereji, nikajaribu kuitoa mara kumi. Mara tatu shati lilinasa kwenye mpini. Mara moja bastola ilitoka nusu ikakwama, na nilipotazama chini niliona kidole changu kimeshaingia kwenye kifyatulio ilhali mtutu ungali umeelekea paja langu. Mke wangu hakusema kitu. Aliangalia ile karatasi yenye alama 236, akaingia ndani kupika.

Nimeanza na aibu yangu kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa jambo hili hapa Marekani una tabia ya kukimbilia falsafa: uhuru upande huu, usalama upande ule, na Katiba katikati inavutwa kama kamba. Ukisikiliza kwa makini, wote wanabishania kitu kimoja: saa. Je, anayetaka kubeba akae darasani saa ngapi? Upande mmoja unasema sifuri. Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska iliondoa sharti hilo mwaka 2003, Arizona 2010, kisha mengine yakafuatana. South Carolina na Louisiana zilipojiunga mwaka 2024, majimbo ya aina hiyo yalifika 29. Upande wa pili uko Illinois, jimbo lililokuwa la mwisho kuruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa, tena mwaka 2013 baada ya kusukumwa na mahakama. Huko wanataka saa 16. New York, tangu Septemba 2022, inataka saa 16 za darasani na 2 za uwanjani, pamoja na mtihani wa kuandika ambao usipopata asilimia 80 umeanguka.

Katikati pana vituko. Hadi mwisho wa mwaka 2020 mtu aliweza kupata kibali cha Virginia kwa kozi ya kwenye intaneti, amekaa sebuleni na soksi zake. Utah inatoa kibali hata kwa watu wasioishi huko, na kozi yake haidai ufyatue risasi hata moja.

Basi tulinganishe Texas na Illinois. Illinois ina saa nyingi mara tatu au nne. Lakini mtihani wake wa vitendo ni risasi 30: kumi kutoka yadi 5, kumi kutoka yadi 7, kumi kutoka yadi 10, karatasi ya aina ile ile, na ukipiga asilimia 70 umepita. Hapo risasi ni chache kuliko zangu. Na huyo mtu wa karatasi wa Illinois naye hana mikono. Kukaa saa 16 kwenye kiti kunathibitisha kwamba unaweza kukaa.

Kama unadhani kupiga karatasi ndiko kupiga, tazama polisi wenyewe. Shirika la utafiti la RAND lilichunguza matukio ya polisi wa New York na kuchapisha ripoti mwaka 2008. Katika majibizano ya risasi, zilizompata mlengwa zilikuwa asilimia 18 tu. Hawa ni watu wanaolipwa mshahara, wanaopimwa shabaha kila mwaka, na ambao wakiwa uwanjani hutoboa karatasi vizuri tu. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua. Walifyatua risasi 16. Walimuua, lakini wapita njia 9 walijeruhiwa, na wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Moyo ukienda mbio, mikono inatetemeka, macho yanaona kitu kimoja na masikio yanaziba. Hakuna anayelijua hilo kutokana na karatasi iliyotulia.

Shemeji yangu ana jibu lake, na si jibu la kupuuza. Ananikumbusha Greenwood, Indiana. Julai 2022, mtu mwenye bunduki ndefu alianza kuua watu katika eneo la kulia chakula la duka kubwa. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa hapo na rafiki yake wa kike alitoa bastola yake, akajiegemeza kwenye nguzo, akafyatua risasi 10 kutoka umbali wa kama yadi 40. 8 zilimpata muuaji. Yote hayo ndani ya sekunde 15. Kijana hakuwa amepitia polisi wala jeshi. Sheria ya Indiana ya kubeba bila kibali ilikuwa na umri wa wiki mbili na ushei. Watu watatu walikuwa wameshakufa, na bila yeye wangekufa wangapi? "Huyo alikuwa na cheti gani?" shemeji huuliza, na hapo huwa sina la kumjibu haraka.

Lakini nami nina mji wangu wa kumtajia: Arvada, Colorado, Juni 2021. Mtu alimuua polisi mchana kweupe. Raia mmoja aliyekuwa na bastola akatoka dukani, akampiga muuaji na kumwangusha. Mpaka hapo ni shujaa kama yule wa Indiana. Kisha akaiokota ile bunduki ndefu ya muuaji. Polisi mwingine alimwona mtu asiye na sare ameshika bunduki. Akampiga risasi, akafa. Huyu raia hakukosea shabaha hata kidogo. Alichokosa ni somo la dakika kumi: ukishampiga mhalifu unafanya nini na mikono yako, unasimama wapi, unasema nini, na askari anayekuja anaona nini. Somo hilo halimo katika alama zangu 236.

Na kuna kosa ambalo halihitaji mhalifu kabisa. Siku ya mtihani, yule mama wa kibanda cha pili alipomaliza aliifuta bastola yake kwa leso, akaitumbukiza kwenye mkoba pamoja na funguo, pochi na rangi ya midomo. Nilihisi baridi mgongoni. Desemba 30, 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa ameketi kwenye kigari cha ununuzi alifungua zipu ya mkoba wa mamake. Bastola iliyokuwa ndani ikalia, mama akafa palepale. Alikuwa na miaka 29, alikuwa na kibali, na alizoea silaha. Mkoba ule ulitengenezwa maalumu kwa kubebea bastola; alipewa zawadi Krismasi hiyo hiyo. Ukimweka mama huyo mbele ya karatasi yetu, bila shaka angetushinda wengi.

Kubeba ni kazi ya kutwa nzima. Kupiga ni jambo ambalo wengi wetu, inshallah, hatutalifanya kamwe. Mtu anayebeba huketi kwenye kiti cha daktari wa meno na bastola, huenda msalani nayo, huiacha kwenye gari anapoingia mahali isikoruhusiwa, na mwizi wa magari anajua hivyo. Hukumbatiwa na shangazi harusini. Hunywa au hanywi. Hugombana na dereva aliyemkata mbele. Kila moja ya nyakati hizi ina namna ya kuharibika, na inakuja mara elfu kabla ya ule wakati mmoja wa kufyatua. Mtihani unaopima ule wakati mmoja peke yake, tena kwa urahisi, umepima ncha ya mkia.

Hapa niseme na wenzangu waziwazi, Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi tunaoishi huku. Wapo wengi wetu Texas, na wengi tumenunua bastola. Mwenzetu mweusi mwenye bastola halali ana mtihani wa ziada ambao hauko kwenye karatasi yoyote ya jimbo. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa kwenye gari na mchumba wake na mtoto mdogo. Alikuwa na kibali. Akamwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye askari alifyatua risasi saba. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia askari huyo. Sisemi Castile alikosa mafunzo. Aliyekosa ni askari. Ila nasema kozi inayomfundisha mtu kubeba, isimfundishe kwa vitendo mahali pa kuweka mikono na maneno ya kutangulia gari linaposimamishwa usiku, imemfundisha nusu. Tuliambiwa kwa sentensi mbili. Ningetaka tukalishwe kwenye kiti cha gari, taa ya tochi machoni, tufanye mara tano.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nataka sharti la New York liwe la nchi nzima. Sitaki. Kumi na nane za New York ni saa za kulipiwa. Mkufunzi analipwa, uwanja unalipwa, risasi zinanunuliwa, na siku mbili za kazi zinapotea. Katika Jiji la New York ada ya kuomba peke yake ni dola 340, nayo hairudishwi hata ukikataliwa. Anayefanya kazi ya kuogesha wazee usiku, akashuka treni saa kumi alfajiri katika mtaa mbaya, ndiye mwenye hofu ya kweli, na ndiye asiyeweza kuzilipa. Kesi ya Bruen ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, miongoni mwa walioandika kupinga sheria ya zamani ya New York walikuwa mawakili wa umma wa Bronx, wanaotetea maskini weusi na Walatino. Hawakuwa wapenzi wa bunduki. Walisema wateja wao hufungwa kwa kubeba kile ambacho tajiri hupewa kibali cha kubeba. Nilipolisoma hilo nililazimika kuiweka pembeni hasira yangu ya zamani.

Hukumu ya Bruen, ya Juni 23, 2022, ilifuta takwa la New York kwamba mwombaji aonyeshe sababu maalumu. Lakini katika tanbihi moja Jaji Clarence Thomas aliacha mlango: majimbo yanayotoa leseni kwa kila aliyetimiza masharti, yakiwemo kukaguliwa historia na kupita kozi ya usalama, hayakuguswa, mradi ucheleweshaji na ada visifike kiasi cha kumnyima mtu haki yake. Kwangu mimi tanbihi hiyo ina maana kuliko kurasa nyingi za hukumu. Mafunzo yanaweza kudaiwa. Lisiloweza ni kuyageuza kuwa ukuta.

Kuna nchi iliyofanya hivyo na watu wake hawajapiga kelele. Jamhuri ya Czech inawaruhusu raia wake kubeba bastola iliyofichwa, na aliyetimiza masharti hanyimwi leseni. Mwaka 2021 waliingiza hata katika sheria yao ya msingi haki ya kujitetea kwa silaha. Lakini kabla ya hapo kuna daktari, kuna ukaguzi wa makosa ya zamani, na kuna mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kwenye vitendo hawaanzi na kufyatua. Unapewa silaha na kutakiwa uikague, uifungue, uishike kama mtu anayejua. Ukiuelekeza mtutu pasipofaa umeanguka, hata kama shabaha yako ni ya dhahabu. Mtihani huo haukuzuia mauaji ya Chuo Kikuu cha Charles, Prague, Desemba 2023, ambapo watu 14 waliuawa na mtu aliyekuwa na leseni. Mtu mwenye nia mbaya hufaulu mitihani pia. Mtihani ni wa yule mama wa mkoba, na wangu mimi wa shati.

Nyumbani Kenya tunalitazama jambo hili kutoka upande mwingine. Huko swali la kwanza ni wewe ni nani. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamtaka mwombaji aishawishi Bodi ya Leseni za Silaha kwamba ana sababu, na Desemba 2018 serikali iliwapa wote wenye leseni siku 90 wajitokeze wakaguliwe upya. Sina ugomvi na hilo. Ila kumbuka Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 21, 2013. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake kumtafuta kaka yake, akajikuta pamoja na polisi waliovaa nguo za kiraia wakitoa watu nje. Nchi nzima ilimpongeza, na alistahili. Lakini ndani ya jengo lile lile, wenye sare walishindwa kutambuana, na afisa wa kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce aliuawa kwa risasi ya wanajeshi wa upande wake. Raia mwenye bastola na shati la kawaida angetambuliwaje? Wenye leseni Nairobi wanapaswa kuulizwa hilo kwa vitendo, kama sisi wa Dallas.

Ningepewa kalamu, ningeandika mtihani mfupi kuliko wa Illinois na mgumu kuliko wa Texas, jimbo lenyewe likilipa. Saa moja na nusu ingetosha. Uje na nguo unazovaa kazini na ala unayotumia kweli. Uitoe bastola isiyo na risasi mara kumi mbele ya mtu anayekitazama kidole chako badala ya karatasi. Uonyeshwe picha tano za ghafla, na katika tatu jibu sahihi liwe kutoitoa kabisa. Usimamishwe na "polisi". Ueleze usiku italala wapi, na nani mwingine analala humo. Mwishoni, ndiyo, karatasi na risasi kadhaa. Ukianguka urudi wiki ijayo bure. Ala mbovu na mkoba wa zipu vibaki mezani kwa mkufunzi.

Shemeji hajakubali. Anasema serikali ikishashika hata huo mtihani wa saa moja na nusu, mwakani itakuwa miwili, na ada itaota miguu. Historia ya New York inampa sababu ya kusema hivyo. Lakini nilipomsimulia habari ya shati langu alinyamaza kidogo, akashika kiuno chake juu ya fulana kama mtu anayepapasa simu.

"Na wakati wa baridi?" akauliza. "Nikiwa na lile jaketi la kazini, lenye zipu mbili?"

Jumamosi anakuja gerejini kwangu. Nimemwambia risasi aziache kwake.